Mwanagenzi wa upishi apewe ratiba ya mafunzo kwa maandishi

Ndugu Mhariri,

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja, na wazazi wengi wenye vijana waliomaliza sekondari wanaona kwamba hotelini kutakuwa na kazi. Wanachouliza ni chuo gani kizuri cha upishi. Hapa Jinja ipo Taasisi ya Mafunzo ya Hoteli na Utalii ya Uganda, na vyuo vya binafsi havikosekani. Sisi tunaoandika barua hii tunaongoza majiko ya hoteli, na tungependa wazazi waulize swali la pili, ambalo ndilo linaloamua kama kijana atakuwa mpishi au la: akishaingia jikoni, nani atamfundisha nini, kwa wiki ngapi, na limeandikwa wapi?

Hali ilivyo sasa, wanagenzi wengi huingizwa kwa mdomo. Kijana anaambiwa "njoo Jumatatu", anapewa aproni, anaonyeshwa sinki. Miezi minane baadaye bado yuko sinkini au anamenya viazi, na siku akiondoka hawezi kupika supu ya watu kumi bila kuuliza. Hoteli imepata mfanyakazi wa bei rahisi, lakini mpishi hajapatikana. Tunaomba jambo moja tu: kila hoteli au mgahawa unaochukua mwanagenzi umpe ratiba ya mwaka mzima kwa maandishi, yenye saini ya mpishi mkuu na ya meneja. Tunaeleza hapa ratiba hiyo iwe na nini, ili kijana ajue cha kudai na mpishi mkuu ajue cha kutoa.

Tuanze na sheria, maana wengi wanadhani mwanagenzi hana haki yoyote. Sheria ya Ajira ya 2006 inauhesabu mkataba wa uanagenzi wenye malipo kuwa mkataba wa kazi. Kwa hiyo anatakiwa apewe masharti ya kazi kwa maandishi kabla ya wiki 12 kwisha tangu aanze. Saa za kawaida ni 48 kwa wiki, na hata zikiongezwa zisizidi 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu siku za kawaida, mara mbili sikukuu. Hafanyi kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila kupumzika, na ana likizo yenye malipo ya siku saba kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. NSSF nayo, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, tangu marekebisho ya 2022 haiangalii tena ukubwa wa biashara: mwajiri anatoa asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi 5, hata jiko likiwa na watu watatu. Mahali ambapo sheria haimsaidii kijana ni kwenye mshahara wenyewe. Kima cha chini bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Basi malipo yaafikiwane na yaandikwe kabla ya siku ya kwanza, pamoja na nauli ya zamu ya usiku. Jiko hufungwa saa tano au saa sita usiku, na boda ya saa hizo inaweza kumaliza posho yote ya siku.

Sasa jiko lenyewe. Mpangilio unaofuatwa hotelini duniani kote uliwekwa sawa na Mfaransa Auguste Escoffier mwishoni mwa karne ya 19, alipokuwa akiongoza jiko la hoteli ya Savoy, London. Jiko linagawanywa sehemu: mchuzi na sosi, nyama na choma, samaki, mboga, vyakula baridi, mikate na keki. Kila sehemu ina mkuu wake. Juu yao yuko sushefu, yaani msaidizi wa mpishi mkuu, na juu ya wote mpishi mkuu. Chini ya wakuu wa sehemu wako makomii, yaani wapishi wa ngazi ya chini, na mwanagenzi anafuata komii. Nje ya hoteli kubwa kubwa, majiko yetu mengi yana watu sita hadi kumi, na mtu mmoja hushika sehemu mbili au tatu. Kwa mwanagenzi hiyo ni bahati, kwa sababu anaona kazi nyingi kwa karibu, mradi asifungwe mahali pamoja.

Mwaka una wiki 52. Tunapendekeza zigawanywe hivi: wiki 3 sinki na stoo, 7 mboga na saladi, 6 kifungua kinywa, 8 supu na sosi, 8 nyama na samaki, 8 vyakula vya nyumbani, 6 mikate na keki, 3 hesabu ya gharama, na 3 zilizobaki ni zile siku 21 za likizo. Hoteli inaweza kuzipanga upya kadiri ya menyu yake. Isichoweza kufanya ni kuzigeuza wiki 3 za sinki kuwa 30.

Sinki lina somo lake, hatukatai. Vyombo vinakwanguliwa mabaki, vinaoshwa kwa maji moto na sabuni, vinasuuzwa, vinatiwa kwenye maji yenye dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha vinaachwa vikauke vyenyewe kwenye chanja. Anayevipangusa kwa taulo lililokaa begani tangu asubuhi amerudisha uchafu wote aliouondoa. Somo hilo halihitaji zaidi ya wiki.

Stoo ina mengi zaidi. Mwanagenzi asimame na mpokeaji mizigo na apime kila kitu kwenye mizani mbele ya dereva. Ngege (samaki aina ya tilapia) mzuri ana jicho lililojaa na kung'aa, mashavu mekundu ndani, na ukimbonyeza nyama inarudi. Jicho likiwa limezama na mashavu yamekuwa kahawia, arudishwe hapo hapo, kwa sababu mzigo ukishasainiwa hasara ni ya jiko. Kila kinachoingia kinaandikwa jina na tarehe, na kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Kwenye friji nyama mbichi na kuku wanakaa rafu ya chini kabisa, chakula kilichopikwa juu, ili majimaji ya kuku yasidondokee saladi. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe: friji iliyofungwa hushika baridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, na iliyojaa nusu kama 24. Kijana anayefungua friji kila dakika kumi kuangalia kama vitu vimeharibika ndiye anayeviharibu.

Kisu. Anunue viwili tu mwanzoni: kisu cha shefu cha sentimita 20 na kisu kidogo cha kumenyea. Seti za visu kumi na viwili ni kupoteza fedha. Jiwe la kunolea namba 1000 linatosha kwa mwaka wa kwanza. Lilowekwe maji kama ni la aina ya kulowekwa, kisu kilazwe kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, na pembe hiyo isibadilike kutoka kisigino hadi ncha. Ukali unapatikana pale unapopitisha kidole kwa upole kutoka ubapa kuelekea nje ya makali na kuhisi uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Hapo ndipo unapogeuza kisu. Wengi wanaacha kabla ya uzi huo kutokea, wanageuza mapema, na kisu kinabaki butu ingawa kimesuguliwa nusu saa. Chuma cha kunolea kile kirefu hunyoosha tu makali yaliyopinda. Hakirudishi makali yaliyokwisha. Na kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu kinahitaji nguvu na kinateleza kwenye ngozi ya nyanya au kitunguu.

Kitunguu ndicho mwalimu wa kisu. Kikatwe nusu kupitia mzizi, mzizi uachwe ili ushikilie tabaka, kipasuliwe kwa urefu bila kuufikia mzizi, kisha kikatwe kwa mapana. Vidole vya mkono ulioshika viwe vimekunjwa, kucha zikiangalia ndani, na ubavu wa kisu ukigusa vifundo. Mwanagenzi afanye kilo 5 kila asubuhi, na mkuu wa sehemu ampime kwa rula: milimita 3 kwa mapambo na supu nyororo, milimita 6 kwa kachumbari na mchuzi, sentimita 1.5 kwa mboga za kuchemshia supu. Kipimo kinadaiwa kwa sababu ya moto. Vipande vikitofautiana, vidogo vinaungua wakati vikubwa bado vibichi, na mchuzi unabeba ladha ya vitunguu vilivyoungua hadi mwisho. Haraka itakuja yenyewe. Usawa hauji bila kusimamiwa.

Tukifika kwenye moto na baridi, hapa tunaomba wapishi wakuu wasiwe na huruma. Chakula kilichopikwa kinaharibika haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kuku afike nyuzi 75 katikati ya paja, karibu na mfupa bila kuugusa. Kilichopashwa kifike 75 pia, na kinachosubiri wageni kwenye bufe kisishuke chini ya 60. Kipimajoto cha kuchoma ni kifaa cha lazima, na kila wiki kipimwe kwenye bilauri iliyojaa barafu iliyosagika na maji kidogo: kisome 0. Kuna wanaokipima kwenye maji yanayochemka wakitegemea 100, kisha wanakitupa wakidhani kimeharibika. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, iliyo juu zaidi, ni karibu 94. Hiyo ndiyo sababu maharage huchukua muda mrefu zaidi Kabale, na ndiyo sababu muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mapishi cha Ulaya hauwezi kufuatwa kwa saa tu bila kuonja.

Kosa baya kuliko yote jikoni kwetu ni sufuria kubwa iliyoachwa usiku. Maharage au supu ya lita 20 inafunikwa, inawekwa sakafuni, na asubuhi watu wanaikuta vuguvugu katikati. Usiku mzima imekaa kwenye joto wanalolipenda bakteria. Baadhi yao wana mbegu ngumu zinazostahimili kuchemka. Chakula kikipoa polepole mbegu hizo zinaamka na kuzaana. Kwenye wali, bakteria mmoja wa kundi hilo huacha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi, kwa hiyo "nitauchemsha vizuri" si jibu. Chakula kishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, na kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Njia ni rahisi: kigawanywe kwenye trei pana zenye kina kisichozidi sentimita 5, au sufuria itumbukizwe kwenye sinki la maji yenye barafu na ikorogwe kila baada ya dakika chache. Kuisukuma sufuria ya moto ndani ya friji hakusaidii. Inalipandisha joto friji lote na kuharibu maziwa na nyama vilivyokuwa salama. Mwanagenzi akielewa aya hii moja kwa vitendo, na akaweza kumwambia mkubwa wake kwa heshima kwamba sufuria ile ya sakafuni haifai kuuzwa, tayari ameshaiokoa hoteli na mengi.

Kuhusu kuungua, ambako hakuna mpishi anayekuepuka: sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta. Mafuta yakishika moto, gesi izimwe, sufuria ifunikwe kwa mfuniko au blanketi la kuzimia moto, na maji yasimwagwe kabisa. Haya aonyeshwe siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki za supu na sosi zianze na mifupa. Kilo 2 za mifupa ya kuku kwa lita 4 za maji baridi. Maji yaanze baridi ili povu lipande taratibu liondolewe kwa kijiko. Yakianza moto, au yakichemka kwa nguvu, mafuta na povu vinachanganyika na supu inakuwa na ukungu. Moto uwe mdogo kiasi cha kiputo kimoja kimoja kupanda, saa 3 hadi 4. Ya ng'ombe saa 6 hadi 8. Ya samaki dakika 20 hadi 30 tu, kisha ichujwe, kwani ikizidi inakuwa chungu. Chumvi isitiwe, sababu supu itapunguzwa baadaye kwa kuchemshwa na chumvi itabaki yote.

Sosi nyeupe ni gramu 80 za siagi na gramu 80 za unga kwa lita moja ya maziwa. Unga upikwe ndani ya siagi dakika 2 au 3 bila kubadilika rangi, maziwa yatiwe kidogo kidogo huku unakoroga, kisha ichemke polepole dakika 20. Ikiwa na mabonge, maziwa yalimwagwa yote mara moja, na unga wa nje uliiva ukaufungia mkavu ndani. Ikiwa na ladha ya unga mbichi, aliyepika aliharakisha zile dakika 20. Mwanagenzi aipike mara nyingi hadi asihitaji kupima kwa macho ya mtu mwingine, na kila ikiharibika aambiwe sababu. Kugombezwa bila sababu hakumfundishi mtu chochote.

Chipsi tunazitaja kwa ufupi kwa kuwa kila menyu inazo na ni wachache wanaozijua. Viazi ulaya vya Kabale au Kisoro vikatwe sentimita 1, visuuzwe hadi maji yatoke maangavu, vikaushwe kabisa. Mafuta ya nyuzi 140 kwa dakika 5, vitolewe, vipoe, kisha nyuzi 180 dakika 2 hadi 3 wakati wa oda. Vikiwa vyeusi nje na vigumu ndani, mara nyingi viazi vilikaa kwenye friji: baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari inaungua kabla kiazi hakijaiva. Viazi vikae mahali pakavu, penye giza na hewa, nje ya friji.

Tumeweka wiki 8 za vyakula vya nyumbani, na tunajua baadhi ya wenzetu watashangaa. Hotelini kwetu pana tabia ya kumfundisha kijana sosi za Kifaransa na kumwachia mama wa jikoni matoke na luwombo (nyama au kuku aliyefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke), kana kwamba si ufundi. Mama huyo hajaandikwa kwenye mpangilio wa Escoffier, hana cheo, na akistaafu anaondoka na ujuzi wote. Mgeni aliyesafiri hadi Uganda anataka kula cha Uganda. Luwombo husimuliwa kuwa ulibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Ni chakula cha ikulu, na kina hatua zinazoweza kupimwa kama sosi yoyote.

Jani la mgomba liwe changa na lisilopasuka. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ubavu mgumu wa katikati uchongwe kwa nyuma kwa kisu chembamba hadi ulingane na jani. Ukiachwa mnene, jani linakatika pale linapokunjwa na mchuzi wote unamwagikia sufuriani. Kisha jani lipitishwe juu ya makaa ya sigiri bila kugusa, huku na huku, hadi rangi ya kijani ikolee na jani lilegee kama kitambaa. Majani mawili yapandanishwe msalaba ndani ya bakuli. Kuku, kipande cha gramu 300 hivi chenye mfupa, awe amechomwa kidogo kwa moshi kwanza, awekwe ndani pamoja na kitunguu, nyanya, chumvi, na mchuzi wa karanga: gramu 80 za karanga zilizosagwa kwa mililita 200 za supu ya kuku. Kingo zikusanywe juu, zifungwe kwa kamba ya mgomba iliyolowekwa, kwa nguvu ya kutosha mvuke usiingie. Kifungo kikilegea, maji ya mvuke yanaingia na mchuzi unakuwa mwembamba usio na ladha. Chini ya sufuria vipangwe vipande vya shina la mgomba, maji yaishie chini ya vipande hivyo, vifurushi visimame wima, vifunikwe kwa majani mengine. Kuku wa kisasa saa 2 hadi 2 na nusu, wa kienyeji 3 au zaidi. Maji yaongezwe yakiwa moto kila baada ya dakika 40 au hivi, kwa pembeni. Yakikauka, harufu ya kuungua inaingia kila kifurushi na hakuna cha kuokoa.

Matoke nayo yana tatizo lake la hoteli: yakipoa yanakuwa magumu na kupauka. Yasitolewe kwenye majani na kumwagwa kwenye bufe yote kwa mara moja. Yabaki yamefungwa kwenye mvuke, yatolewe kidogo kidogo kadiri wageni wanavyokula. Mama wa jikoni anajua hili. Aandikwe kwenye ratiba kama mwalimu, na alipwe kwa kufundisha.

Katika wiki hizo hizo mwanagenzi afundishwe kwamba karanga na simsim vimo kwenye nusu ya vyakula vyetu, na kuna wageni ambao karanga kidogo inaweza kuwaua. Mhudumu akiuliza "hii ina karanga?", jibu ni ndiyo, hapana, au ngoja nimuulize aliyepika. "Nadhani haina" lisisikike jikoni. Kijiko kilichokoroga mchuzi wa karanga hakiingii sufuria nyingine.

Hesabu ya gharama ndiyo inayotenganisha mpishi na mtu anayejua kupika, na ndiyo isiyofundishwa. Chukua mfano. Tuseme ngege ni shilingi 15,000 kwa kilo. Umenunua kilo 10 kwa 150,000. Baada ya kuparua, kutoa matumbo, kichwa, mifupa na ngozi, umebaki na kilo 3.5 za minofu. Basi kilo ya minofu imekugharimu karibu 42,850, si 15,000. Sahani ya gramu 180 ni karibu 7,700. Ongeza chipsi, kachumbari, mafuta na limau, tuseme 2,500: jumla 10,200. Ukitaka viungo visizidi asilimia 33 ya bei, gawanya kwa 0.33 upate kama 30,900, kisha ongeza VAT ya asilimia 18: karibu 36,500. Anayetumia bei ya sokoni moja kwa moja atahesabu samaki 2,700, jumla 5,200, na kuuza sahani kwa 18,600 pamoja na VAT. VAT ikitoka anabaki na 15,760 hivi, na viungo peke yake vimekula asilimia 65, kabla ya gesi, mishahara na pango. Migahawa mingi iliyofungwa ikiwa imejaa wateja ilikufa hivyo. Mwanagenzi apewe menyu nzima ya hoteli, apime mwenyewe mabaki ya kila kitu anachomenya kwa wiki moja, na aandike gharama ya kila sahani. Vichwa na mifupa ya wale ngege, aonyeshwe pia, vinakwenda kwenye supu na vinapunguza hasara.

Kwa vijana wanaotafuta nafasi sasa hivi: kabla ya kukubali, omba kusimama jikoni zamu moja ukitazama. Angalia kama kuna kipimajoto na kama kuna mtu anayekitumia. Angalia kama vyakula kwenye friji vina tarehe. Muulize mwanagenzi aliyepo amefika sehemu ngapi tangu aanze, na amefundishwa na nani. Jibu lake ni la kuaminika kuliko la meneja. Nenda na cheti cha afya cha mshika chakula kutoka mamlaka ya mji wako, viatu vilivyofungwa mbele na visivyoteleza, daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu mbili. Ukiwa na miaka chini ya 18, kazi za mafuta ya moto na mashine za kukatia nyama si zako bado, na mwajiri anayekusukumia anavunja sheria.

Daftari lile liandikwe kila siku: umepika nini, vipimo gani, kimeharibika nini na kwa nini. Mkuu wa sehemu atie saini ndani yake kila Jumamosi. Lina kazi mbili. Kwanza, mfumo wetu wa taifa wa sifa za ufundi unampa nafasi aliyejifunzia kazini kupimwa kwa vitendo na kupata cheti hata kama hakukaa darasani, na anayekwenda na kumbukumbu zilizosainiwa anajua hasa ajipime kwa kiwango gani. Pili, ratiba ikivunjwa, daftari linaonyesha wiki ilipovunjwa.

Na wenzetu wapishi wakuu: ratiba ibandikwe ukutani karibu na orodha ya zamu, ambapo kila mtu anaiona. Kila mwisho wa sehemu kijana apimwe kwa kupika, siyo kwa maswali ya mdomo, na akishindwa arudie wiki mbili badala ya kurudishwa sinkini. Anapomaliza mwaka, au hata akiondoka mapema, apewe barua inayotaja sehemu alizopita, tarehe zake na alichoweza kupika peke yake, ikiwa na saini na muhuri, hata kama anakwenda kufanya kazi kwa mshindani wa jirani.

Wapishi wakuu wawili wa hoteli,
Jinja